Tone Moja, Mstari Mmoja

Askari walioingia hospitali yetu ya Butembo mwaka ule walichukua magodoro, darubini ya maabara, mbuzi wa mlinzi, na pompe. Pompe ilikuwa mashine ndogo ya kusukuma dawa mshipani kwa kipimo. Ilikuwa na vifungo vyenye namba na taa nyekundu, basi wao wakaamini ni fonie, redio ya kuzungumzia na wakubwa wao. Waliibeba kwa furaha, hata kitambaa cha kuifunikia wakakidai. Hadi leo hatujui walimpigia nani.

Mimi ndiye niliyekuwa natunza dawa. Jina langu Mathe, na mkitaka kujua tabia yangu waulizeni wauguzi. Watawaambia Mathe ana mkono wa birika. Si kweli. Wakati wa vita, anayegawa dawa ovyo anaua watu huku akishukuriwa. Nilikuwa na kabati moja, na ndani yake, nyuma ya kwinini, chupa chache za dobutamine zilizovuka mpaka wa Kasindi katikati ya mzigo wa sabuni. Dobutamine ni dawa ya kuuchochea moyo uliochoka. Haimezwi, wala haisukumwi yote kwa sindano moja. Huchanganywa katika chupa kubwa ya serumu, yaani maji ya dripu, ikaingia mshipani tone kwa tone. Ikipungua, moyo unalala. Ikizidi, moyo unakimbia mpaka unajikwaa. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, na aliyekuwa akiilinda ni pompe.

Mariette aliletwa juu ya kiti cha baiskeli. Mumewe, Jephté, alikuwa akisukuma, na Léa, dada yake Jephté, akimshikilia mgongo asianguke. Walikuwa wanakaa hapo chini Kimemi, karibu na soko. Mariette alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi uliopita, mvulana, akaitwa Kambere kama kawaida yetu kwa mzaliwa wa kwanza. Badala ya kupata nguvu, miguu ilivimba, na kila alipolala chali pumzi ilimkata. Daktari Siméon Kahongya aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu, akavua vifaa vyake masikioni, akatuita pembeni.

“Mimba imechokesha moyo yake,” alisema. “Benye tunavusha siku hizi za kwanza, wengi banapona. Mathe, toa ile dawa.”

Nilitoa. Sikunung'unika, andikeni hilo.

Kazi ya kulinda matone ilimwangukia Christa, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake. Christa alikuwa na saa yenye mshale wa sekunde, ya pekee iliyobaki hospitalini kwa sababu siku ya askari aliificha ndani ya sufuria ya maharage. Daktari alitaka matone kumi kwa dakika, yasizidi, yasipungue. Christa aliweza kuyahesabu kwa saa yake na kuyarekebisha kwa kigurudumu kidogo kinachobana mpira wa serumu. Ila mgonjwa akikunja mkono tu, au kigurudumu kikilegea chenyewe, hesabu inaharibika, na Christa alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia. Hakuweza kusimama mbele ya kitanda kimoja mchana kutwa akiangalia saa.

Kwanza alifunga kitambaa chekundu shingoni mwa chupa, alama ya usiguse. Kwetu kila mtu anaamini serumu ni chakula: ikienda mbio, nguvu inarudi mbio. Nimeona wajomba wa watu wakifungulia serumu mpaka mwisho kwa upendo. Halafu Christa alimwita Léa.

“Léa, wewe unaimbaka mu chorale, si vile?”

“Ndiyo, Madame. Niko alto.”

“Basi imba ‘Shamba lako, Baba’. Pole, sawa vile tunaimbaka siku ya yenga mu kanisa. Mustari ikianza, tone moja inaanguka. Tone moja, mustari moja. Tone ikitangulia ao ikibakia nyuma, uniite. Mais kigurudumu, hapana gusa. Hata nani akuambie.”

Léa aliimba, Christa akaangalia saa. Mstari mmoja wa wimbo ule, jinsi Waprotestanti wa Butembo wanavyouvuta, ulichukua sekunde sita kamili, kama vile mtunzi aliutunga kwa ajili ya dobutamine. Christa alitabasamu, akageuza kigurudumu mpaka tone na mstari vikakutana, akaenda zake. Kila alipopita alihesabu tena kwa saa, akapima mapigo, akapima presha, akatazama mkono kama mshipa haujavimba. Hakuuachia wimbo kila kitu. Wimbo ulikuwa mlinzi wa mlangoni tu. Bwana wa nyumba alikuwa saa.

Siku mbili mambo yalikwenda vizuri. Wodi nzima ilijifunza wimbo, ingawa hakuna aliyejali matone. Jephté alijaribu kumpokea dada yake, akasinzia kabla ya kiitikio, akaambiwa aende akatafute kuni. Mapaja ya Mariette yalianza kupungua uvimbe. Alikuwa bado hasemi sana, midomo ina rangi ya majivu, lakini alimeza uji.

Siku ya tatu asubuhi mama yake alifika kutoka Beni.

Aliitwa Florentine, mkazi wa Beu, mtaa wa huko Beni, mjane, Mkatoliki wa kukesha na rozari. Alikuja juu ya lori la mbao, na kuku chini ya kwapa. Alikuwa hajakanyaga kwa Jephté tangu ndoa, kwa sababu Mariette alimfuata mumewe kwenye kanisa la Waprotestanti, na Florentine alihesabu jambo hilo kama kuibiwa mtoto mchana kweupe. Alipoingia wodini alisalimu kitanda, akasalimu chupa, akasalimu wagonjwa wa pande zote mbili. Lakini Florentine akampita Léa kama mtu anavyopita kiti.

Léa alikuwa amechoka, na Kambere alikuwa kwa jirani akilia njaa. Ilibidi mtu mwingine ashike zamu, na mtu huyo alikuwa amesimama pale na kuku wake. Christa aliuliza yeye mwenyewe.

“Mama, unajua ule wimbo ‘Shamba lako, Baba’?”

“Mimi nijue?” Florentine alicheka kidogo. “Uyu mutoto nilimuzaa niko naimba ile. Ku paroisse yetu ya Beu ni mimi niko naanzisha.”

“Vizuri. Mustari ikianza, tone moja inaanguka. Tone moja, mustari moja. Ikiharibika, uniite. Kigurudumu, hapana gusa.”

“Nimesikia, Madame.”

Na kweli alikuwa amesikia. Hakuna aliyedanganya asubuhi ile. Christa aliuliza kama anaujua wimbo, Florentine akasema anaujua. Christa hakumwambia auimbe. Na ni nani angemwambia? Wimbo ni wimbo.

Sasa niwaeleze, maana mimi ni Mkatoliki wa Pasaka na Noeli na nimeoa binti wa mwinjilisti, nimekula pande zote. Wimbo ule ulitungwa na mchungaji mmoja mzee wa upande wa Lubero, shukrani ya mavuno. Waprotestanti wanauimba kwa sauti nne, wamesimama wima, kama watu waliobeba mtungi uliojaa. Kisha ukaruka ukuta ukaingia kwa Wakatoliki, na Wakatoliki wakauweka kwenye matoleo. Hapo ngoma inalia. Akina mama wanatoka mlangoni kwa safu na ndizi, maharage, makaa, wakati mwingine mbuzi, wanacheza hadi altareni, na anayechelewa anakanyagwa. Maneno ni yale yale. Mistari ni ile ile. Ila wakati Butembo wanavuta mstari mmoja, Beu wamekwisha kula miwili, na inabaki nafasi ya vigelegele.

Christa alikuwa hajawahi kuingia kwenye misa. Florentine alikuwa hajawahi kuingia kwa Waprotestanti, na alijivunia hilo.

Léa aliondoka. Papo hapo wakaletwa majeruhi kutoka njia ya Manguredjipa, watu wa machimbo waliokutwa katikati ya makundi mawili ya wapiganaji yaliyogombania kizuizi cha barabara. Waliletwa juu ya vitanda vya miti. Christa aliitwa chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa koridoni nikikata shashi za kufungia vidonda.

Yaliyofuata niliyasikia mwenyewe kwa sehemu, na sehemu nyingine alituambia Florentine, ambaye hakuficha kitu hata kimoja.

Alianza kuimba. Aliimba jinsi anavyoimba maisha yake yote, na mara moja akaona kuna kasoro: mstari wa pili umeanza na tone la kwanza bado linaning'inia. Alirudia. Tone lilibaki nyuma tena. Akafikiri, hii mashine ya Waprotestanti ni mvivu.

“Madame!” aliita. “Tone inachelewa!”

Christa hakuweza kusikia. Florentine aliita tena, kwa nguvu. Mimi nilimjibu kutoka koridoni, “Anakuja, Mama,” kwa sababu niliamini anakuja. Akangoja. Akamtazama binti yake, midomo ya majivu, shingo ikipiga kwa taabu, na dawa ya kumwokoa inaning'inia juu yake inafikiri. Aliambiwa tone moja, mstari mmoja. Aliambiwa asiguse. Amri mbili zilikuwa zimegombana mbele yake, na akaitii ile aliyoielewa.

Alisogeza kigurudumu kidogo. Kisha kidogo tena. Tone na mstari vikakutana, vikaenda pamoja mbio mbio.

Na Mariette akafumbua macho.

Hili ndilo linaloniuma mpaka sasa. Mwanzoni dawa ilifanya vizuri. Mkono ulipata joto. Midomo ilipata rangi. Msichana ambaye siku mbili alikuwa akijibu kwa kope aligeuza kichwa.

“Mama. Ulifika na nani?”

“Na kuku,” alisema Florentine, na machozi yakamtoka.

“Hapana nikasirikia tena, Mama.”

“Nani anakukasirikia? Pumuzika.”

Aliimba kwa sauti kubwa zaidi. Kulia na kushoto wagonjwa wakaanza kupiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye mguu ndani ya plasta alipiga kigelegele. Kila mtu aliona kwa macho yake kwamba mama amefika na maombi yamejibiwa.

“Mama,” alisema Mariette baada ya kitambo, “moyo inakimbia.”

“Acha ikimbie, mwana wangu. Ilikuwa inalala sana.”

Na wodi ikasema amina.

Léa alikuwa anarudi na termosi ya chai. Aliusikia wimbo tangu kwenye lango. Alituambia baadaye kwamba kwanza alicheka peke yake: haya, Wakatoliki wamefika. Alipiga hatua nyingine ndipo kicheko kikamfia mdomoni. Aliitupa termosi majanini. Hakukimbilia kitandani, na kwa hilo namheshimu. Alijua yeye naye hana ruhusa ya kugusa. Alipita mbele yangu kama upepo, akausukuma mlango wa upasuaji ambao hausukumwi.

“Madame Christa! Wimbo inaenda mbio!”

“Wimbo gani?” aliuliza Daktari Kahongya, mikono ndani ya tumbo la mtu.

Christa alikuwa ameshatoka.

Nilimfuata. Mariette alikuwa amejikunja upande, ametapika juu ya shuka, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika kifua. Mshipa wa shingo ulikuwa ukiruka bila mpango. Florentine alikuwa bado anaimba. Alikuwa analia na anaimba, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoharakisha, na macho yake yalikuwa kwenye matone kuhakikisha hayabaki nyuma. Mwanamke yule alikuwa anatii kwa roho yake yote.

Christa aliweka vidole shingoni mwa Mariette, akatazama matone, akatazama saa, akashika kigurudumu. Hapo Florentine akaelewa. Alirusha mkono kwenye mpira wa serumu.

“Funga! Funga yote, inamuua!”

Christa alimshika kifundo cha mkono.

“Hapana, Mama. Tukifunga yote mara moja, moyo inaanguka. Tunairudisha fasi ilikuwa.”

Mimi pia nilitaka afunge. Niliogopa sana, nasema waziwazi, na niliwachukia askari wa fonie kuliko siku waliyokuja. Christa alibana kigurudumu polepole, jicho kwenye mshale wa saa. Alipomaliza alisema bila kugeuka:

“Léa. Imba.”

Léa akaanza, chini sana, ule uimbaji wao wa mtungi uliojaa. Mstari. Tone. Mstari. Tone. Chini ya kitanda ungesikia kuku wa Florentine akikwaruza.

Dobutamine ina rehema moja: jinsi inavyoingia upesi ndivyo inavyotoka upesi. Kidogo kidogo mshipa wa shingo ukapata mpango wake. Christa alipima presha, akapima tena, akahesabu mapigo mpaka mwisho. Mariette alifumba macho, na safari hii alikuwa amelala tu. Kisha Christa akaniomba maji ya kunawa.

Florentine hakuwapo tena. Tulimkuta nyuma ya jiko la hospitali, ameketi juu ya jiwe, kitambaa cha kichwa amekivua amekikunja mapajani.

“Nilikuwa naua mutoto yangu na wimbo ya Mungu,” alisema.

Christa akamshika bega.

“Mama, simama. Mangaribi Léa atakuwa amechoka, na mimi sina mutu mwingine.”

“Mimi? Tena?”

“Wewe. Mais safari hii utaniimbia mbele, nisikie na saa yangu.”

Ndivyo ilivyotokea kwamba Léa na Florentine, ambao hawakuwa wamesemezana tangu ndoa, waliketi kwenye benchi moja mbele ya kitanda kile. Léa aliimba mstari. Florentine aliurudia, akafika mwisho mapema, akangoja. Wakarudia. Akafika mapema tena. Shida ilikuwa mguu wake: ulikuwa unakwenda altareni peke yake.

“Mbona munaimbaka sawa munazika mutu?” alisema mwishowe kwa hasira.

“Na ninyi munaimbaka sawa munakimbia basoda na bunduki zabo.”

Kutoka kitandani Mariette alitoa sauti ndogo. Tuliruka wote. Alikuwa anacheka.

Léa akaweka kiganja juu ya goti la Florentine na kulikandamiza. Mguu ulijaribu, ukashindwa. Mstari ukavutika. Jioni ile Christa alisimama na saa yake, Florentine akaimba, goti lake chini ya mkono wa binti wa Waprotestanti, na matone yakaanguka mahali pake. Tangu siku hiyo Christa hakumuuliza mtu yeyote kama anajua jambo. Alimwambia, nionyeshe. Hata mimi alinitaka nimwonyeshe jinsi ninavyosoma chupa, nikakasirika, nikamwonyesha.

Daktari aliipunguza dawa taratibu, jinsi mtu anavyomwachisha mtoto ziwa. Siku moja ikawa tone moja, mistari miwili. Kesho yake mistari mitatu. Kisha Christa akafungua kitambaa chekundu, akaishusha chupa, na moyo wa Mariette ukaendelea wenyewe kwa vidonge. Daktari alimwonya asizae tena na asikimbie kamwe. Florentine alimpa Léa yule kuku. “Wasingya,” alisema kwa Kinande, asante, akitazama pembeni, na Léa akampokea kuku kwa mikono miwili.

Miezi ilipita. Nilikwenda Beni kutafuta kwinini, nikalala Beu kwa ndugu, na siku ya yenga nikaingia misani, ingawa haikuwa Pasaka. Nilimwona Mariette. Jephté alikuwa amemruhusu aje kumshukuru Mungu kwenye kanisa alilobatizwa, na Léa alikuwa amemsindikiza; alisimama nyuma kabisa, wima, amembeba Kambere.

Wakati wa matoleo ukafika. Akina mama wakajipanga mlangoni na vikapu, wapiga ngoma wakamtazama Florentine, maana ndiye anayeanzisha. Akaanzisha “Shamba lako, Baba”. Aliuanza polepole. Wapiga ngoma walidhani mama amezeeka, wakampokonya wimbo, wakaupeleka mbio kama kawaida, na safu yote ikaondoka ikicheza.

Yeye hakwenda nao. Alibaki nyuma na Mariette, aliyebeba kikapu kidogo cha maharage. Alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, jinsi alivyomwona Christa akifanya, na alikuwa anaimba wimbo wake chinichini. Kila mstari ukianza, walipiga hatua moja.

Wenzao walifika altareni, wakaweka vikapu, wakarudi wakicheza, wakakaa. Ngoma ikanyamaza. Kanisa zima likageuka kuwatazama wanawake wawili waliokuwa bado njiani. Padri alishuka ngazi moja, akasimama na mikono wazi, akiwangoja.

Florentine hakuharakisha. Alikuwa bado na mistari mitatu hadi altareni.